Mkuu wa zamu na simu ya saa tisa usiku

Nasimamia zamu katika chumba cha udhibiti jijini Nairobi, chumba kisichofungwa usiku wala sikukuu. Humo tunaangalia usalama wa majengo na misafara ya mwajiri wetu, na papo hapo tunakusanya habari zinazoweza kuonyesha mapema kwamba yupo mtu anayekusudia kuwadhuru viongozi wake. Wengi wakisikia hivyo hudhani kazi yenyewe ni kukodolea macho ukuta wa skrini. Skrini zipo, na wapo vijana wanaozitazama, lakini mimi muda wangu mwingi huishia katika kusoma walichoandika wenzangu na kuwarudishia wakiandike upya.

Mlinzi wa langoni akiandika katika kitabu cha matukio kwamba ameona mtu wa kutiliwa shaka, ameniandikia wasiwasi wake, hajaniandikia alichokiona. Huwa namwita kwa redio na kumwuliza taratibu, bila kumkemea, kwa maana mlinzi aliyekemewa leo kesho ataona na kunyamaza: mtu huyo alivaa nini, alisimama wapi na kwa muda gani, aliondokaje. Baada ya dakika chache tunapata maandishi mengine kabisa: mwanamume wa makamo, koti la kijivu, alisimama ng'ambo ya barabara kuanzia saa 10:05 hadi saa 10:20 jioni, akapiga picha za lango mara mbili kwa simu, mara ya pili gari la mkurugenzi lilipokuwa likitoka, kisha akapanda bodaboda iliyokuwa ikimsubiri. Maelezo kama hayo mchambuzi wa usiku anaweza kuyalinganisha na yaliyoandikwa katika lango jingine juma lililopita, na hapo ndipo kazi ya upelelezi wa kinga inapoanzia.

Wageni katika kazi hii huja wakiamini kwamba mtu wa hatari ni yule anayetoa vitisho. Robert Fein na Bryan Vossekuil, katika utafiti walioufanya kwa ajili ya Secret Service, idara inayomlinda rais wa Marekani, na kuuchapisha mwaka 1999, waliwachunguza watu 83 ambao tangu mwaka 1949 waliwashambulia watu mashuhuri nchini humo au waliwakaribia kwa nia ya kuwashambulia. Waliotoa kitisho cha moja kwa moja kwa mlengwa mwenyewe au kwa vyombo vya usalama hawakufika hata sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo barua pepe ya matusi inayoingia usiku wa manane tunaisoma na kuihifadhi, lakini hainishughulishi kama mgeni mpole aliyefika mapokezi mara ya tatu kuulizia saa ambazo mkurugenzi hupenda kufika kazini.

Jambo linalowatesa zaidi wasimamizi wapya ni kumwamsha mkubwa. Kipimo changu ni swali moja tu: je, kuna uamuzi ambao yeye peke yake ndiye mwenye mamlaka ya kuutoa, na ambao utakuwa umechelewa tukisubiri kupambazuke? Ikiwa upo, apigiwe simu hata kama ni saa tisa usiku, na sentensi ya kwanza imweleze tunachohitaji kutoka kwake, historia ifuate baadaye. Kama haupo, habari iandikwe na asubuhi ataikuta.

Tarehe 25 Juni 2024, waandamanaji waliopinga Mswada wa Fedha walipoingia katika majengo ya Bunge, kipimo hicho kilijaribiwa kweli kweli. Intaneti ilizorota nchini alasiri hiyo, ujumbe ukawa unafika kwa kuchelewa na bila mpangilio, kiasi kwamba habari ya saa nane ilionekana kama ya saa kumi. Redio za mkononi, ambazo hazitegemei intaneti, ndizo zilizotubeba. Ubaoni nilitenganisha waliyoyaona watu wetu kwa macho yao na yaliyosikika kwa wengine, na nikakataa kabisa gari lolote litoke kwa kutegemea yaliyosikika tu. Dereva mmoja alinung'unika kwamba kila mtu anajua barabara yake iko wazi. Nilimwomba anitajie mtu mmoja aliyepita hapo nusu saa iliyotangulia, akakosa, na abiria wake wakabaki walipokuwa.

Usiku wa kawaida, bila shaka, hauna hayo. Adui wake ni usingizi, hasa kati ya saa nane na saa kumi na moja, na hapa nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu huuona wa kuudhi: sipendi kumwita mlinzi na kumwuliza kama yuko salama, kwa kuwa atajibu "salama" hata akiwa amefumba macho. Namtaka anisomee namba ya gari la mwisho aliloliandika, au aniambie taa ipi ya ukuta wa nyuma haiwaki. Kwa hilo ni lazima asimame.

Wakati wa makabidhiano ya zamu huwa tunapitia pia majalada ya watu tunaowafuatilia, ambao wengi wao hawajatenda kosa lolote. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakataza kuhifadhi taarifa za mtu kwa muda unaopita mahitaji halali, kwa hiyo kila jalada lina tarehe ya kupitiwa upya, na lisiloongezewa kitu cha maana hadi siku hiyo napendekeza lifutwe. Mchambuzi wangu wa usiku, ambaye ni hodari kuliko mimi katika mengi, angependa tuyaweke yote kwa tahadhari. Tumekubaliana kwamba anayetaka jalada lisalie ndiye atakayeandika sababu, nami nitazisoma kama ninavyosoma kitabu cha matukio.