Nauli Mbili Kutoka Erbil

Neno la kwanza la Kikurdi nililolielewa lilikuwa "kaka". Niko stendi ya teksi Erbil, mji wa Wakurdi kaskazini mwa Iraki, begani nina begi, nasikia "kaka! kaka!" nikageuka nikidhani kuna mtu wa kwetu Wete, Pemba, kaniona. Kumbe na kwao kaka ni kaka, ndugu mkubwa. Kwa furaha hiyo nikapanda bila kuuliza mara mbili: dinari 15,000 mpaka Sulaymaniyah, mji mwingine wa Wakurdi. Siku tatu za kazi iliyonitoa Dubai hazina hadithi, makontena na mihuri tu. Teksi nayo tulibanana, kiyoyozi kimekufa.

Pembeni yangu alikaa mzee wa suruali pana na kitambaa kirefu kiunoni, peshmerga wa zamani, yaani mpiganaji wa Kikurdi. Kiarabu chake cha Iraki, changu cha Ghuba, tukaelewana kwa kupapasa. Kufika Degala bendera za njano zikaisha, zikaanza za kijani. Mzee akasema bila kuulizwa:

"Hapa nililala kifudifudi namlenga mtoto wa ami yangu."

Ni vyama viwili vya Wakurdi: njano ni KDP ya akina Barzani, kijani ni PUK, aliyoiongoza Jalal Talabani. Walianza kuuana Mei 1994. Palikuwa na ugomvi wa ardhi, akasema, ila kilichokoleza moto ni ushuru: malori yakipita Ibrahim Khalil, mpakani na Uturuki, yalilipa kwa KDP, na PUK wakalia kwamba fungu lao halifiki.

Kisha akanifikisha Agosti 31, 1996, na hapo joto nikalisahau. Masoud Barzani, mkubwa wa KDP, aliliita jeshi la Saddam Hussein limsaidie kuwatoa PUK Erbil. Saddam yuleyule! Mwaka 1983 askari wake waliwazoa wanaume na wavulana wa ukoo wa Barzani kwa maelfu, hawakurudi. Na gesi ya sumu iliyoua Wakurdi mjini Halabja, Machi 1988, ilikuwa yake. Vifaru vikaingia Erbil. PUK wakakimbilia upande wa Iran, na Oktoba wakarudi kwa msaada wa Iran wakaitwaa tena Sulaymaniyah.

"Wewe ulikuwa wapi, ami?"

"Njano."

"Vifaru uliviona?"

"Vilinipita karibu. Nilitazama chini."

Kimya. Halafu, kama mtu anayedaiwa, akanikumbusha kuwa mwaka 1966 Talabani naye alipigana pamoja na serikali ya Baghdad dhidi ya Mulla Mustafa, baba yake Masoud. Wakubwa walipatanishwa Washington, Septemba 1998. Na leo yeye anakwenda Sulaymaniyah kwenye harusi: anaolewa binti wa mtoto yule wa ami.

Nilijifanya kushangaa, lakini mimi ni mtu wa Pemba. Baada ya uchaguzi wa 1995 kwetu hapakuja vifaru, ila palikuwa na duka tusilonunua na maiti tusiyemzika, kwa ajili ya chama, CCM au CUF. Mama akinituma mafuta ya taa mwendo wa nusu saa, na duka liko mlango wa pili. Mwaka 2010 wakubwa wakaingia serikali moja. Mwenye duka alikuwa keshafunga zamani.

Tukafika Koya. Dereva akazima gari, akashusha begi langu, akanionyesha teksi nyingine: yeye mwisho hapa. Dereva mpya akataka 10,000 zaidi. Wallahi nilipiga kelele. Mzee akasimama upande wangu, akamwita yule wa kwanza mwizi kwa Kikurdi na kwa Kiarabu, fimbo juu, mpaka wauza chai wakakusanyika. Nikajiona nina mtu.

Dereva mpya akamfungulia mlango wa mbele, akamnong'oneza. Mzee akaingia, akaweka fimbo katikati ya magoti, akashusha kioo.

"Kaka, lipa tu. Barabara hii ni yao."

Nikalipa. Yeye sikumwona akitoa hata dinari moja.