Nilivyopima ni mara ngapi chatiboti za AI zinaitaja tovuti yangu

Wadau, kama una tovuti unayoiandikia kwa moyo basi hili swali lazima limekupitia kichwani, hivi hizi chatiboti zinatumia kazi zangu au hazitumii, na kama zinatumia zinanitaja au zinakula kimya kimya? Mi nina tovuti ya ufundi wa baiskeli, naandika habari za cheni, gia, breki, spoku, vitu ambavyo nimevipima mwenyewe, na nilikuwa naona kabisa wageni wanapungua kwenye zile kurasa zinazojibu maswali mafupi wakati nafasi yangu Google ipo palepale. Nikasema hapa hakuna kukisia, napima.

Jambo la kwanza la kulielewa ni kwamba kuna vitu vitatu tofauti na watu wanavichanganya sana. Kuna roboti kuja kusoma ukurasa wako, kuna chatiboti kukutaja kwenye jibu, na kuna mtu kubofya linki akaja kwako. Unaweza kusomwa kila siku usitajwe hata siku moja, na unaweza kutajwa sana asije mtu yeyote maana jibu ameshalipata palepale. Kila kimoja kina kipimo chake, na ukichukua namba ya kimoja ukaiita jina la kingine umeshajidanganya.

Nilianzia kwenye logi za seva, yaani kumbukumbu za kila ombi la kufungua ukurasa linalofika kwenye tovuti, kwa sababu ni za bure na zipo tayari. Humo unatafuta majina ya roboti. OpenAI peke yao wana matatu ya kuyajua: GPTBot inakusanya data za kufundishia modeli, OAI-SearchBot inajenga faharasa ya utafutaji wa ChatGPT, afu kuna ChatGPT-User ambayo ndo inakuja pale mtu anapouliza kitu na chatiboti ikaamua kufungua ukurasa wako ili imjibu. Anthropic nao wana ClaudeBot, Claude-SearchBot na Claude-User kwa mtindo huohuo, na Perplexity wana PerplexityBot na Perplexity-User. Kwangu mimi hizo za mwisho mwisho, zenye User, ndo zenye thamani kuliko zote, maana nyuma yake kuna binadamu mwenye swali. GPTBot ikija mara elfu haina maana kwamba kuna mtu ameona jina lako.

Upande wa Google ni tofauti kidogo na hapa wengi wanapotea. Google-Extended sio roboti utakayoiona kwenye logi, ni jina tu la kuandika kwenye robots.txt, lile faili la tovuti linaloziambia roboti zisome nini na ziache nini, kama hutaki maandishi yako yatumike kwenye modeli za Gemini. Yale majibu ya AI yanayokaa juu ya matokeo ya utafutaji, AI Overviews, yanatokana na Googlebot yuleyule wa siku zote. Kwa hiyo ukichuja logi kwa Google-Extended ukapata sifuri, hiyo sifuri haikuambii kitu.

Halafu angalia na namba ya majibu ya seva pembeni ya kila mstari, usiishie kwenye jina. 200 maana yake amesoma, 403 amefungiwa mlango, 404 ametafuta ukurasa ambao haupo. Ukikuta 403 nyingi kwa roboti za AI anza kuchunguza ngao ya tovuti yako kabla hujalalamika kwamba hutajwi, kwa sababu kuna huduma zinawazuia bila wewe kubonyeza chochote, kwa mfano Cloudflare Julai 2025 walitangaza kuwa domeini mpya zinazojiunga kwao roboti za AI zinazuiwa moja kwa moja mpaka mwenyewe uruhusu. Na kama unatumia huduma ya namna hiyo inayohifadhi nakala za kurasa, jua kuna maombi mengine yanaishia kwao hayafiki kwenye seva yako, kwa hiyo logi zako zitaonyesha pungufu. Kitu kingine, jina la roboti mtu yeyote anaweza kuliandika, kuna wachota data wanaojiita GPTBot ili wapite. OpenAI wanachapisha orodha ya anwani za IP za roboti zao, mi nalinganisha nao kabla ya kuhesabu.

Kuhusu kubofya sitakaa sana. Kwenye Google Analytics, chombo cha Google cha kuhesabu wageni wa tovuti, nilitengeneza kundi la chaneli la AI, nikaweka chatgpt.com, perplexity.ai, gemini.google.com, copilot.microsoft.com na claude.ai, na hilo kundi lazima likae juu ya Referral (kundi la wageni wanaotoka tovuti nyingine) kwenye mpangilio maana sheria ya kwanza inayokubali ndo inayochukua mgeni. ChatGPT yenyewe inabandika utm_source=chatgpt.com kwenye linki zake nyingi, yaani alama ya kuonyesha mgeni katokea wapi, hiyo inasaidia sana. Ila elewa kwamba hapa unaona sehemu tu, anayekopi linki na kuibandika kwenye kivinjari anaingia kama Direct (aliyekuja moja kwa moja), wanaotoka kwenye apu za simu wengi hivohivo, na wanaobofya kwenye AI Overviews wanaingia kama wageni wa kawaida wa Google. Search Console, chombo cha Google kinachoonyesha watu wanakupata kwa kutafuta maneno gani, nayo inajumlisha zile klik za AI pamoja na za utafutaji wa kawaida, huwezi kuzitenga. Kwa hiyo hii namba naitumia kuona mwelekeo tu, inapanda au inashuka, basi.

Sasa kazi yenyewe iko kwenye kutajwa, na hapa ndo nilitumia muda mwingi kuliko kote. Hakuna logi itakayokwambia umetajwa, inabidi uende ukaulize maswali mwenyewe. Na thamani ya kipimo chote inategemea hayo maswali umeyatoa wapi. Ukikaa ukajitungia maswali huku unajua umeandika nini, utatajwa kila mahali na utafurahi bure. Mi nilichukua maswali kutoka sehemu mbili: maneno ambayo watu wanayatafuta kwenye Search Console, nikachuja yale yenye kwa nini, vipi, lini, kiasi gani, na barua pepe za wasomaji wenyewe, nikayaacha na maneno yao yalivyo. Mtu hasemi "dalili za uchakavu wa cheni", anasema "cheni inaruka nikikanyaga kwa nguvu kwenye mlima tatizo nini". Hilo la pili ndo linaingia kwenye orodha. Jina la tovuti yangu haliingii kwenye swali hata kidogo, ukilitaja umeshaielekeza mashine ikujibu unachotaka. Na niliweka pia maswali ambayo najua sijaandika vizuri, maana nataka picha kamili.

Orodha ikishakamilika haiguswi. Hata koma sibadilishi, kwa sababu neno moja likibadilika jibu linaweza kwenda kwingine kabisa na hapo huwezi tena kulinganisha mwezi huu na uliopita. Swali jipya likija linaingia kwenye orodha ya pembeni.

Kila swali linaulizwa kwenye mazungumzo mapya, kumbukumbu imezimwa au kwenye ile hali ya mazungumzo ya muda, kwa sababu chatiboti ikishakujua wewe ni mtu wa baiskeli mwenye tovuti fulani itaanza kukupendelea. Lugha nayo naiandika, swali la Kiswahili na lilelile kwa Kiingereza yanaweza kuleta vyanzo tofauti kabisa, kwa hiyo kila lugha ina hesabu yake.

Alafu kuna hili la kurudia. Hizi mashine hazitoi jibu lilelile mara mbili, leo unatajwa, ukiuliza tena baada ya dakika tano hutajwi, na hakuna kilichobadilika kwako. Kwa hiyo kuuliza mara moja na kupiga skrinshoti sio kupima. Chukulia umeuliza mara 20 ukatajwa mara 5, hiyo ni asilimia 25 si ndio? Lakini kwa hesabu ya kawaida ya takwimu, kwa uhakika wa asilimia 95, ukweli wako unaweza kuwa popote kati ya asilimia 11 na 47. Sasa mwezi ujao ukipata 8 kwenye 20, yaani asilimia 40, utasherehekea wakati inawezekana hakuna kilichotokea. Ukiuliza mara 100 ukatajwa 25, ule upana unapungua unakuwa kama asilimia 18 mpaka 34, hapo angalau unaweza kuongea. Ndo maana mi nachukua maswali machache nayarudia sana kuliko maswali mia nayauliza mara mojamoja, na kila chatiboti naihesabu peke yake, kuchanganya Perplexity ambayo imejengwa kuonyesha vyanzo kwa namba tangu mwanzo na nyingine ambayo inatafuta mtandaoni pale tu inapoona inahitaji ni kuchanganya vitu visivyolingana.

Na hilo la kutafuta au kutotafuta ni muhimu sana aisee. Kuna majibu chatiboti inajibu kutoka kichwani, haijafungua ukurasa wowote, hakuna linki ya mtu yeyote. Hayo ukiyaweka kwenye hesabu moja na yale yenye vyanzo utaona umeshuka kumbe hakuna aliyetajwa. Kwa hiyo natunza namba mbili: nimetajwa mara ngapi kati ya majibu yote, na nimetajwa mara ngapi kati ya majibu yaliyoonyesha vyanzo. Ya kwanza inaniambia watu wananiona kiasi gani, ya pili inaniambia nashindana vipi na wenzangu.

Kwenye spredishiti kila jibu ni mstari mmoja. Tarehe, chatiboti, lugha, swali, imeonyesha vyanzo au hapana, nimewekewa linki au nimetajwa jina tu bila linki, linki iko ndani ya maandishi au imefichwa kwenye orodha ya vyanzo pembeni, ukurasa gani, na nani wengine wametajwa. Linki naifungua kila mara, maana kuna zinazoelekeza kwenye anwani ambayo haijawahi kuwepo kwenye tovuti yangu, mashine imeitunga kwa kuangalia zingine zilivyokaa. Hizo nazo niliziona baadaye kwenye logi kama 404, nikazielekeza kwenye kurasa za kweli ili mgeni asikute ukuta.

Safu ya mwisho inauliza, kilichosemwa kwa jina langu ni sahihi? Hii niliongeza baada ya tukio moja ambalo liliniuma kwa kweli. Nina ukurasa wa kupima cheni kwa rula, nimeeleza kwamba pingili 24 za cheni mpya zina urefu wa milimita 304.8, na kwa baiskeli ya gia 11 au 12 nyuma ukishafika nyongeza ya asilimia 0.5, yaani kama milimita 306.3, badilisha cheni kabla haijakula meno ya gia, zile za gia chache unaweza kuvumilia mpaka 0.75. Chatiboti moja ikamjibu muulizaji kwamba asubiri mpaka asilimia 1, na mwisho wa hiyo sentensi ikaweka linki yangu. Mtu akifuata ushauri huo ataharibu seti nzima ya gia na atajua ni mimi nimemwambia! Kwenye hesabu ya kawaida hiyo ingeingia kama ushindi, nimetajwa, tena kwa linki ndani ya maandishi. Kwangu inaingia kama kutajwa vibaya na ina hesabu yake. Niliurekebisha ukurasa, ile namba 0.5 nikaitoa katikati ya aya ndefu nikaiweka kwenye sentensi yake peke yake juu kabisa pamoja na aina ya baiskeli inayohusika, na sasa hilo swali nalifuatilia kwa karibu kuliko mengine.

Kuna wanaouliza kwa nini situmii zile huduma za kulipia zinazofanya haya yote zenyewe. Sizipingi, kwa mwenye kurasa nyingi zinaokoa muda. Ila kabla hujalipa waulize wanauliza maswali kupitia API (mlango wa programu kuongea na chatiboti moja kwa moja) au kupitia apu yenyewe ambayo watu wanatumia, kwa sababu majibu ya njia hizo mbili hayafanani, na waulize kila swali wanalirudia mara ngapi. Wakikuonyesha alama moja kubwa ya asilimia bila kukwambia imegawanywa kwa namba gani, hiyo namba usiipangie mipango.

Kwa sasa nafanya jaribio kwenye kurasa za breki. Nusu nimezibadilisha kwa mtindo uleule wa ukurasa wa cheni, jibu juu, kipimo na hali yake kwenye sentensi moja, nusu nimeziacha zilivyo bila kuzigusa, maana kama zote zikipanda pamoja basi ni chatiboti imebadilika, sio mimi. Na pale ninapokosekana naangalia nani amekaa kwenye nafasi hiyo. Kama ni mwongozo wa mtengenezaji wa hiyo breki namwachia, ndiye anayestahili. Kama ni ukurasa uliokopi vipimo vyangu bila kunitaja, hilo swali linapanda juu ya orodha ya kazi za wiki hiyo, naongeza picha za vipimo nilivyopiga mwenyewe na tarehe niliyopima, kisha nasubiri mzunguko unaofuata wa maswali.