Pasaka ya siku nne nyumbani, kila mtu na siku yake

Pasaka ya mwaka 2024 ilinikuta sina hela ya kwenda popote. Tunaishi Reading hapa Uingereza, mimi na mume wangu na watoto wawili, binti wa miaka 13 na mdogo wake wa kiume wa miaka 8, na tulikuwa tumeweka pauni 400 pembeni ili twende Bournemouth siku mbili tatu watoto wakaone bahari hata kama maji yenyewe bado ni baridi. Wiki mbili kabla gari likaanza kugonga chini, likapelekwa gereji, zile 400 zikaishia huko na nyingine juu yake. Nikawaambia watoto jikoni. Binti akasema "sawa mama", akapanda chumbani kwake akafunga mlango taratibu, na ule utaratibu wake ndio ulioniuma, bora angeubamiza.

Huku Pasaka ni siku nne mfululizo. Mwaka ule Ijumaa Kuu ilikuwa tarehe 29 Machi na Jumatatu ya Pasaka tarehe 1 Aprili, zote mapumziko, na shule zinafungwa kwa wiki mbili. Sasa mimi kazi yangu ni kuhudumia wazee, na kazini kwetu sikukuu ndiyo yenye hela nzuri, kwa hiyo miaka mitatu mfululizo nilikuwa nachukua shifti zote za Pasaka, narudi Jumatatu usiku nakuta sinki limejaa, watoto macho mekundu ya simu, baba yao amechoka kuamua ugomvi. Safari hii nikachukua moja tu, ya Alhamisi usiku, nyingine nikakataa. Ila nikajiambia kabisa, kukaa tu nyumbani siku nne bila mpango, na mvua ya huku ilivyo, na mtoto aliyenuna juu, tutamalizana.

Basi Alhamisi jioni kabla sijatoka nikawaita wote mezani nikachukua karatasi. Nikawaambia siku ziko nne na sisi tuko wanne, kila mmoja anapewa siku yake, yeye ndiye mwenye siku. Mwenye siku anachagua tule nini na tufanye nini na hakuna wa kumpinga, masharti ni mawili tu, kisizidi pauni 15 na yeye ndiye wa mwisho kutoka jikoni, yaani hata kama tumemsaidia vyombo yeye ndiye anayefuta meza na kuzima taa. Mdogo akarukia Jumamosi hapo hapo. Binti akasema "nipeni yoyote" huku anaangalia dirishani, akaangukia Jumapili. Mume wangu Ijumaa, mimi Jumatatu.

Ijumaa sina mengi ya kusema maana asubuhi nililala kutoka shifti, saa tisa alasiri tukaenda ibada, na nyama hatuli siku hiyo kwa hiyo baba watoto alipika samaki wa nazi na ugali. Ila alifanya jambo moja zuri. Kuna bibi mmoja ninayemhudumia alikuwa ameniambia usiku ule kwamba kwao zamani viazi vilikuwa vinapandwa Ijumaa Kuu, baba yake alikuwa anatoka kanisani anaingia bustanini. Nilivyomsimulia mume wangu akaenda zake uani akatoboa matako ya ndoo mbili za zamani, akajaza udongo, akamwita mdogo wakapanda viazi vilivyokuwa vimeanza kuchipua kwenye kapu la jikoni, vinne kila ndoo, macho yakiangalia juu. Baadaye nikaambiwa vinne kwa ndoo moja ni vingi mno, lakini siku hiyo hatukujua, na mtoto alikwenda kuvichungulia mara sita kabla ya kulala.

Jumamosi ndiyo ilikuwa ya mdogo na yeye alitaka mayai. Huku Pasaka bila mayai haipo, madukani ni mayai ya chokoleti kuanzia baada ya Krismasi tu, na yanauzwa bei ambayo ukiwa na watoto wawili na marafiki zao unahisi mfukoni. Nikamwambia yale ya chokoleti nitanunua madogo madogo tuyafiche uani, lakini yale makubwa tutayapaka wenyewe, ya kuku kabisa. Yule bibi wa kazini ndiye aliyenifundisha hili pia. Nilikuwa nimekusanya maganda makavu ya vitunguu wiki nzima kwenye mfuko wa karatasi, yale ya kahawia ya nje. Unachukua yai bichi, unalilowesha kidogo, unabandika jani juu yake, sisi tulitumia giligilani kwa sababu lina vijino vijino vizuri, halafu unalizungushia maganda ya kitunguu mpaka lisionekane, unalivika kipande cha soksi ya nailoni unakaza kwa uzi ili jani lisihame. Unachemsha dakika kama 15 hivi. Tulichemsha 12.

Kile kidakika cha kufungua la kwanza sitakisahau. Mdogo kalishika bado la moto, analihamisha mkono huu mkono huu, anakata uzi kwa mkasi wa shule, soksi ikatoka, maganda yakadondoka kwenye sinki kama makapi, na yai likatokea rangi ya mbao iliyopigwa vanishi, na katikati yake kivuli cheupe cha jani la giligilani, kila kijino kinaonekana. Akanyamaza kwanza. Halafu akapiga ukunga, "dada njoo uone!" na dada akashuka, mara ya kwanza kushuka bila kuitwa kula. Alikaa akafungua manne. Hakusema kitu kuhusu Bournemouth.

Jioni tukayabeba sita kwenye sahani na pakiti ya tende tukaenda kwa jirani yetu, dada mmoja wa Unguja, maana Ramadhani mwaka huo ilikuwa imeingia kumi la tatu na alikuwa ametualika futari. Jua lilizama saa kumi na mbili na nusu na kitu. Uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, sambusa, kachori, watoto wetu na wake chini kwenye mkeka wanashindana kugongesha mayai ya kahawia nani lake litapasuka. Dada akaniambia "shoga kesho usikosee, saa zinasogezwa, mimi kesho nafuturu saa moja na nusu!" Nilikuwa nimesahau kabisa. Kila mwaka Jumapili ya mwisho ya Machi saa zinasukumwa mbele, na mwaka huo ikaangukia siku ya Pasaka yenyewe.

Na bado tukapotea. Simu zinajirekebisha zenyewe lakini saa ya ukutani jikoni haina habari, na mume wangu yeye ni mtu wa saa ya ukutani. Anakunywa chai taratibu anasema misa ni saa tano, bado tuna saa nzima na nusu, mimi natoka bafuni naangalia simu ni saa nne na nusu tayari. Tulifika kanisani mdogo ana soksi moja, tukasimama nyuma kabisa, lakini Aleluya tuliikuta.

Jambo moja nililojipanga nalo ni duka. Ukiwa mgeni hapa utaumia, sheria yao ya mwaka 1994 inayafunga maduka makubwa Jumapili ya Pasaka, yale yaliyozidi mita za mraba 280, yanabaki vile viduka vidogo vya kona. Mwaka mmoja nilikwenda na gari mpaka mlangoni kutafuta mchele nikakuta kiza, nikapika wali wa kikombe kimoja na nusu kwa watu wanne. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi nilikuwa nimeshabeba kila kitu, mchele, nyama ya mbuzi, binzari nyembamba, nikijua siku ya Pasaka ni pilau, itakuwa nini kingine.

Mwenye siku akasema anataka chipsi mayai.

Jamani. Siku ya Pasaka, mbuzi yuko kwenye friji, nimeshamenya vitunguu saumu. Nikamwangalia, naye akaniangalia, ndiyo mara ya kwanza wiki mbili kaniangalia usoni, na nikaona kabisa anapima kama ile karatasi ya Alhamisi ilikuwa ya kweli au ilikuwa maneno ya wakubwa. Akasema "kama zile za pale kituoni kwa bibi, mama, na kachumbari na ile sosi." Tulikuwa tumekwenda nyumbani akiwa na miaka 9. Sikujua kama anakumbuka. Nikarudisha mbuzi, tukaanza kukata viazi. Yeye mwenyewe alisimama kwenye kikaango, mayai matatu kwa sahani, anasukuma pembeni kwa mwiko ili lisishike, anafunika na sahani anapindua, la kwanza likavunjika la pili likatoka zima. Tulikula wote na mikono. Mdogo akarudia, mume wangu akarudia, na mayai yakaisha, maana ukijumlisha na ya jana na ya asubuhi tulikuwa tumemaliza 36 kwa siku mbili.

Sasa hapo ndipo ikatokea ile kitu ambayo sikuipanga. Nje manyunyu, watu wameshiba, binti ameshaanza kuishika simu, na maboksi matatu tupu ya mayai 12 yako juu ya pipa yanasubiri kutupwa. Mume wangu akayachukua akayageuza geuza. Boksi moja lina mistari miwili ya mashimo sita sita. Akaweka mawili mezani, moja mbele ya jingine, akahesabu kwa kidole, akasema yamepungua mawili kila mstari. Akachukua mkasi akakata lile la tatu vipande vya mashimo manne manne, akagundisha kimoja kwa kila boksi na gundi ya karatasi. Safu nne, mashimo nane kila safu, 32. Binti akauliza "baba hiyo ni nini?" Akajibu "leta maharage mekundu, uhesabu 64."

Baba yao ni mtu wa Tanga, amekulia kwenye baraza la baba yake, bao kwake ni kama mimi na kusuka. Lakini hakuwahi kuwafundisha, miaka yote hii, na mimi sikuwahi kumuuliza. Alianza nao na bao la kujifunza, kete mbili mbili kila shimo, unachota unatawanya moja moja, ikiangukia mbele kwenye kete na mwenzako ana kete hapo uso kwa uso unakula zake, kete ya mwisho ikiangukia tupu umelala, anacheza mwenzako. Mdogo alipenda neno kulala, kila akilala anajilaza kweli kwenye kochi. Binti hakucheka sana, aliinama. Alishindwa mara tatu akakasirika, akataka tena, na saa nne usiku mimi nakwenda kulala nawaacha mezani yeye na baba yake, naye bado ana deni la kufuta meza. Asubuhi niliikuta imefutwa.

Jumatatu yangu niliomba kitu kimoja kwanza, mtu asiniite mama mpaka saa nne asubuhi. Walijitahidi. Nilisikia mdogo anapanda ngazi, anasimama mlangoni anapumua, anashuka tena. Nililala mpaka mwili ukakataa wenyewe. Baadaye tukatembea mpaka mtoni, Thames upande wa Caversham, haina kiingilio, mabata bukini wamejaa kwenye majani, na yale maua ya njano ya daffodil kila mahali, mengine yameanza kunyauka. Tulibeba maandazi na chai kwenye chupa. Na pilau nilipika, mbuzi wangu hakupotea bure.

Saa kumi jioni tukampigia babu Tanga kwa video. Kwa kawaida msimu wa baridi tunapishana nao saa tatu, sasa zimebaki mbili, babu akasema "aa, kumbe mmetusogelea." Shikamoo, marahaba, hamjambo, mmekula nini, halafu binti akaelekeza simu kwenye maboksi ya mayai. Babu akanyamaza, akasogeza uso mpaka tunaona nyusi tu. "Nani kakutengenezea hiyo, mchumba?" Akaita mtu amletee bao lake barazani, lile la mbao, na kete zake za komwe.

Akamwambia hayo mnayocheza ni ya watoto, sasa tunaanza na kunamua, yaani kuingiza kete za mkononi moja moja. Weka sita kwenye nyumba, hapo, shimo la tano, hapana, la tano kutoka kushoto kwako, na mbili mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata, zilizobaki 22 ni mkononi. Binti akaziweka kwenye kile kipande kilichobaki cha boksi. Wakacheza hivyo, kila mmoja na bao lake, babu anataja shimo binti anamchezea upande wake, binti anataja babu anafanya vile vile kule. Mara mbili wakapishana kete, wakahesabu upya shimo kwa shimo kwa simu, na babu hana haraka, anamwambia "usiivunje nyumba mapema, ikalie, ikalie kwanza." Mume wangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti hasemi kitu, mikono mfukoni.

Kwetu bado jua, dirisha limejaa mwanga. Tanga giza lilikuwa linaingia, picha ikaanza kuwa nyeusi kidogo kidogo, mwishoni tunaona vidole vya babu tu vinapapasa mashimo, akasema "mchumba, sizioni kete tena, liache lilivyo, kesho muda huu huu." Binti akapiga picha bao lake kutoka juu ili likitikiswa ajue kila kete ilikuwa wapi, akalibeba kwa mikono miwili akaliweka juu ya friji, akamwambia mdogo wake asiguse.