Hii si cherehani

Ni Alhamisi usiku. Sketi mbili za kijani hazijatiwa lastiki na mwenyewe atazijia asubuhi, lakini niko hapa naandika. Nilidhani nitalala nalo liishe. Leo ni siku ya tano na bado linanigonga kichwani: "Dada, hii si cherehani."

Wiki yenyewe ilikuwa na mambo. Kifungua mimba wangu ameingia bweni, Gredi ya 10, sanduku nikalifunga kwa kamba ya katani kwa sababu kufuli lilikataa. Mama ametolewa mtoto wa jicho na daktari anasema jicho litaona. Mwenye kibanda kaongeza kodi. Yote hayo yamepita kama matatu iliyojaa. Lililobaki limesimama kwenye steji ni neno la Kitinda.

Mnamjua Kitinda, mdogo wangu, yule wa Pennsylvania, Marekani, tuliyemfanyia harusi kwa simu tukala pilau mbele ya kioo huku yeye akikata keki ng'ambo. Baba mkwe wake alimpa bunduki. Msifikirie ile ya askari wa benki. Ni gobori, la kushindiliwa kupitia mdomoni: baruti inamiminwa mtutuni, kigololi cha risasi kinavishwa kitambaa, kinasukumwa kwa mdeki, kile kifimbo cha kushindilia, mpaka kikae juu ya baruti. Ukifyatua, jiwe la gumegume linapiga chuma, cheche zinarukia baruti kidogo iliyo pembeni, moto unapenya katundu, halafu ndio mlio. Huko kwao baada ya Krismasi kuna msimu wa kulungu ambao bunduki inayoruhusiwa ni hii ya gumegume tu. Mimi nimezaliwa baada ya 1977, Kenya ilipopiga marufuku uwindaji, kwa hiyo habari ya mtu kuingia msituni na bunduki kwa ruhusa ya serikali naisikia kama hadithi za sungura na fisi.

Basi. Usiku wa Jumamosi saa saba, nimebaki peke yangu na mlima wa sare za watu, simu ikalia. Kwake ilikuwa saa kumi na moja jioni. Alikuwa ameiegemeza simu kwenye mfereji wa chumba cha kufulia, kwa hiyo nilikuwa naona kidevu chake, ndoo, na chuma kirefu alichokishika kama mtu anayetwanga.

"Umepata kitoweo?"

"Kulungu wamenicheka tu, Dada. Sasa naosha."

"Unaosha nini?"

"Bunduki."

"Kwa maji?"

"Ya moto. Na sabuni ya vyombo."

Sasa nisikilizeni. Tangu 1998 naendesha ile Singer ya Mama, na tone la maji halijawahi kuigusa. Mvua ikipenya kwenye bati, cherehani inafunikwa kabla ya mtoto. Nikamwambia kwa nia njema kabisa: "Kitinda, utaiua hiyo. Chuma hakioshwi. Pangusa vizuri, halafu weka mafuta. Yale mepesi ya cherehani, matone matatu yanatosha."

Akacheka. "Dada, hii si cherehani."

Yangeishia hapo, ningekuwa nimelala. Lakini akageuka kando, akasema kitu kwa Kiingereza, na nyuma yake nikasikia mzee akicheka kwa kifua kizima. Alikuwa ananitafsiri. Baba mkwe hajui neno la Kiswahili zaidi ya jambo, kwa hiyo ili acheke ilibidi mtu ampelekee yale maneno yangu, yale matone matatu, moja moja, kama chai kwenye sinia.

Jumapili kanisani niliisikia ile sentensi kama mzaha. Jumatatu ikawa dharau. Jumanne nikaanza kulichunguza hilo "Dada" lenyewe, maana alilivuta: Daada. Mtu huvuta hivyo akiongea na mtoto, au na bibi kizee. Kufikia hapo Mwalimu, mume wangu, akachoka nami. Alikuwa mezani anasahihisha madaftari, akaweka kalamu chini.

"Lakini Kitinda ana haki," akasema.

Mume wa kemia ni adhabu. Akanieleza kwamba baruti nyeusi ni shura (nitrati ya potasiamu), makaa na salfa, kwa mia ni 75, 15 na 10 hivi. Ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki hewa. Inabaki kitu kigumu: sehemu moja inaondoka na ule moshi mweupe, nyingine inagandamana ndani ya mtutu. "Na unajua kimojawapo ni nini? Kaboneti ya potasiamu. Ni mushelekha."

Nikamwangalia. Nyinyi mlioolewa Kakamega mnaijua mushelekha: maganda ya maharagwe yanachomwa, majivu yanatiwa kwenye kopo lililotobolewa, maji yanapita polepole, na yale yanayodondoka chini ndiyo munyu wa kulainishia mrenda. Mama mkwe alinifundisha mwaka wangu wa kwanza, na nikazidisha, na mboga ikawashinda hata kuku.

"Sasa mushelekha utaitoa kwenye majivu kwa mafuta?" Mwalimu akauliza. "Chumvi inataka maji. Ukipaka mafuta juu yake umeifunika blanketi tu. Inaendelea kuvuta unyevu hewani na kula chuma huko chini. Na mafuta yanayotokana na petroli yakichanganyika na yale masizi yanakuwa kama lami."

Kwa hiyo Kitinda alikuwa sawa. Nimekubali. Naliandika hapa ili lisomwe: alikuwa sawa. Na kidonda hakikupona hata kidogo. Nilitumaini nikijua kwa nini nimekosea nitapoa, kumbe mtu anaweza kuwa amekosea na bado amechekwa.

Ninachoshangaa ni jinsi nilivyotazama yote. Sikukata simu. Niliendelea kutia vifungo na jicho moja, jicho la pili kwenye kioo, nimenuna. Ule mtutu unachomoka kwenye mti wake. Kuna vijiti vya chuma vya kusukuma utoke, kama kuvua mlango bawaba. Kitako cha mtutu kinaingia ndooni. Mdeki unavishwa kipande cha kitambaa unaingizwa juu, na ukiuvuta, maji yanapanda kupitia kale katundu ka moto, ukiusukuma yanatoka. Mara ya kwanza aliusukuma kwa nguvu, maji yakaruka ukutani, alama ya dawa ya kuua kunguni kabisa. Maji yalitoka meusi kuliko maji ya kuoshea jiko la makaa. Alikunja pua akasema yananuka mayai viza. Akamwaga, akateka mengine, akamwaga tena. Ndoo ya tatu ndiyo iliyokuwa safi kiasi cha kuona chini.

Maji ya mwisho aliyachemsha kwenye birika na kuyapitisha ndani mpaka chuma kikawa hakishikiki, akakishika kwa soksi, ili joto lenyewe likaushe. Baba mkwe hakukubali. Nilimsikia akinung'unika, na Kitinda, siku hiyo akiwa mkalimani wa kila mtu, akanieleza kwamba mzee hutumia maji vuguvugu tu, maana ya moto sana yanaleta kutu papo hapo, wekundu mwembamba kama vumbi la Baringo. Inaonekana ugomvi huo hauishi baina yao. Kama huku kwetu majani kwanza au maziwa kwanza. Halafu vitambaa vikavu, kimoja baada ya kingine, mpaka kikatoka cheupe.

Na halafu, jamani, akapaka mafuta.

Nilimwona kwa macho yangu! Chupa ndogo, mdomo mwembamba, matone juu ya kitambaa. Matatu au manne. Sikusema kitu. Akasimamisha mtutu mdomo chini, ili mafuta yasishuke kukaa nyuma kwenye katundu na kulowesha mti, akasema kesho atapitisha kitambaa kingine kuangalia kama kuna kutu, na keshokutwa tena, na kabla ya kupiga tena lazima ayapanguse mafuta yote. Mimi kimya. Ulimi nimeuma kama sindano.

Hapo ndipo kumbukumbu yangu ilikuwa ikikatika siku zote hizi. Kila nikirudia simu ile nilikuwa naishia kwenye kicheko, narudi mwanzo, naishia kwenye kicheko. Jana adhuhuri nilikuwa nakata bitana ya koti, nimeshika jora la amerikani, mkasi umeshaingia, mkono ukasimama wenyewe.

Kwa sababu kulikuwa na jambo jingine baada ya mafuta. Alichukua kopo la biskuti, akatoa kipande cha kitambaa, akakileta karibu na kamera mpaka kikajaza kioo chote. Akaniuliza, na wala hakuwa akicheka: "Dada, na hiki? Hiki ni pamba tupu?"

Nikasema, "Sijui." Nikasema stima inapotea. Nikakata.

Stima haikupotea. Kitambaa kilikuwa changu.

Mwezi wa kumi na moja jirani alikuwa anasafiri kwenda huko, nikampa ampelekee Kitinda donge la nta kutoka Baringo, lile analolichanganya na mafuta ya kondoo, anapaka vitambaa vya kuvisha risasi ili masizi yabaki laini. Kogo, bibi yetu, alikuwa na mchanganyiko huohuo kabisa, wa nyufa za visigino. Sisi tulikuwa tunaukimbia kwa sababu ya harufu. Donge lile nililifunga kwenye kipande cha amerikani, kilichobaki tu mezani, hata sikufikiria. Nta ikaisha. Kumbe kitambaa amekiweka.

Na swali lake halikuwa la kujaza hewa. Kitambaa cha kuvisha risasi lazima kiwe pamba au kitani. Polista inayeyuka mle ndani na kugandia mtutu, na maji yako ya moto hayatakusaidia. Huwezi kujua kwa kutazama, hasa kwenye kamera. Anayejua ni mtu anayeshika vitambaa kutwa, anayeweza kukwambia: chomoa uzi mmoja, uwashe. Ukinuka kama karatasi na kuacha majivu yanayopeperuka, ni pamba. Ukijikunja ukawa kashanga keusi kagumu, tupa. Kati ya yote yaliyosemwa usiku ule, hilo ndilo lililokuwa langu, na mdogo wangu aliniuliza mbele ya baba mkwe wake, na mzee alikuwa amenyamaza anasubiri, na mimi fundi wa miaka yote hii nikasema sijui.

Amerikani, tena! Karne ya 19 kitambaa hiki kilikuwa kinatoka Salem, Massachusetts, kwa meli mpaka Unguja, kikapata jina lake, misafara ikakibeba mpaka Baringo na mpaka kwa Mumia, mfalme wa Wawanga, pamoja na magobori na baruti. Changu nimekinunua mjini, hakijawahi kuiona Salem. Lakini kimeenda Marekani kimefunga nta, na mimi nikakikana.

Jana usiku nikamtumia sauti. Nilirekodi mara nne. Ya kwanza nilianza na lawama, ya pili nikalia kidogo (vitunguu), ya tatu Mwalimu akakohoa katikati. Ya nne ilikuwa fupi: ni pamba tupu, choma uzi uone, ila kifue kwanza kwa maji ya moto kwa sababu amerikani mpya ina wanga, na usitie sabuni nyingi. Alama mbili zikawa bluu. Kimya. Nikalala nimegeukia ukuta.

Leo mchana imeingia picha. Hakuna maneno. Ni kiganja chake, na juu yake kipande cha amerikani kimekatwa mraba, pindo limekatwa vibaya, ametumia kisu bila shaka. Ndicho alichopitisha ndani kuangalia. Katikati kina duara la hudhurungi hafifu, kama alama ya kikombe cha chai ya rangi.

"Ni kutu?" nikaandika.

"Ni mafuta tu, Dada."

Nimeikuza picha ile mpaka nyuzi zikahesabika. Nimemwonyesha Mwalimu, naye anasema mafuta. Mimi naona kutu kidogo, upande wa kushoto. Nimemwambia arudie kesho kwa kipande kingine, na akate kwa mkasi. Amejibu kwa kile kikaragosi kinachocheka mpaka machozi, na safari hii sijali, maana najua hajamtafsiria mtu.

Sketi hizi nitazimaliza saa tisa.

Lakini kuna koti la shule hapa kwenye msumari, la rangi ya damu ya mzee, saizi ya mtoto wa miaka kama kumi na mbili. Nililetewa mwezi wa kumi na moja niongeze mikono, mama akaacha shilingi 500, akasema atapitia kabla shule hazijafunguliwa. Shule zimefunguliwa. Nikipiga, ni yule dada wa Safaricom: mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Nimepiga asubuhi, nimepiga jioni. Nakuru siku hizi baridi ya alfajiri inauma, na mikono nimeshaiongeza.