Siku Misty alipoingiza mbuzi wa mjomba zizini, Mvumi

Ilikuwa mwezi wa tatu, ule wakati majani ya Dodoma bado mabichi na kupe wamejaa mpaka ukipita porini na suruali unawakuta wanapanda. Mjomba akanipigia simu kutoka Mvumi, akasema Jumamosi kuna jamaa anakuja kuwachoma mbuzi sindano ya minyoo na yule kijana wake wa kuchunga kaenda msibani Kondoa, kwa hiyo njoo mwanangu na hako kambwa kako ka manyoya, tuone kama kanajua kazi au kanakula tu.

Kambwa kenyewe ni Misty. Ni Sheltie, mbwa wa kuchunga wenye asili ya visiwa vya Shetland kaskazini mwa Scotland, ukimwona unaweza sema ni mtoto wa collie, yule mbwa mkubwa wa kuchunga mwenye manyoya marefu, lakini ndo mtu mzima huyo, wengi wao hawazidi sentimita 41 mpaka begani. Kule kwao kazi yao ilikuwa kukusanya kondoo na kuwafukuza wasiingie kwenye mashamba madogo yasiyo na uzio, ndo maana wanabweka sana, sauti ndo fimbo yao. Niliachiwa na mama mmoja Mwingereza niliyekuwa namfanyia kazi Area D, Dodoma mjini, mradi wake uliisha akarudi kwao, akanikabidhi mbwa, kitana cha chuma, na faili la karatasi za hospitali. Kwenye lile faili kuna karatasi moja alinikalisha chini akanielewesha mpaka nikaelewa, nitaifikia.

Kabla ya siku hiyo nilishamfundisha sana kwenye kiwanja cha wazi nyuma ya nyumba, asubuhi kabla jua halijawa kali. Zawadi yake dagaa wakavu, mmoja mmoja, hapo hapo akitii, maana ukichelewa hata kidogo hajui unamsifia kwa lipi. Tulianza na "lala", maana mbwa wa kuchunga asiyelala chini ukimwambia atawakimbiza mbuzi mpaka wavunjike miguu. Afu "kimya". Hii ilikuwa ngumu kweli, nilikuwa namwacha abweke kidogo, akinyamaza tu mwenyewe nasema kimya nampa dagaa, mpaka akaunganisha. Kumpigia kelele Sheltie hakusaidii kabisa, ana moyo laini, ukimfokea anajikunyata na siku nzima hafundishiki.

Basi tukaenda, rafiki yangu ana pikapu. Tumefika, mbukwa mbukwa, salamu za Kigogo, majirani wamekuja kumwona, kila mtu ananiambia mnyoe huyo, Dodoma joto hili atakufa. Niliwaeleza kwamba manyoya yake ni tabaka mbili, la chini laini na la juu refu, linamkinga na jua pia, ukinyoa ngozi inaungua na mengine yanaweza yasirudi vizuri. Kinachotakiwa ni kitana mpaka ngozini, hasa nyuma ya masikio na kwenye mapaja, ndo mbigili zinapojificha, na kupe pia. Mama mmoja mzee akamshika manyoya akafunua mwenyewe akaangalia, akasema kweli, ndani kumepoa.

Mbuzi walikuwa arobaini na kitu wametawanyika kuelekea korongoni. Nikamwachia. Jamani! Hakuwaendea moja kwa moja, alizunguka mbali kwa nyuma, chini chini, manyoya yanaburuza majani, afu akaanza kubweka huku anakata kushoto kulia na wale mbuzi wakajikusanya wenyewe. Beberu mmoja mkubwa akageuka akainamisha pembe na mimi moyo ukaruka, yule beberu ana kilo labda 40 na Misty ana 9. Nikasema "lala!" Akalala. Beberu akatazama, akapumua, akageuka akafuata wenzake. Mjomba alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi na fimbo yake hajaitumia, akawa anacheka kwa furaha mpaka anafuta machozi, anasema angalia mtoto huyu, angalia mtoto huyu.

Wakaingia wote. Mimi nikawa nafunga miiba mlangoni, na nilipogeuka yule jamaa wa sindano kamshika Misty shingoni, kashainua ngozi, sindano iko tayari mkononi, anasema huyu kafanya kazi nzuri, kupe zake nazimaliza bure kabisa, zawadi yangu. Ile chupa ilikuwa ivermectin, ile ile dawa ya minyoo ya mbuzi. Nilipiga kelele ambayo sijawahi kupiga, nikaweka mkono wangu katikati.

Alishangaa, na haki yake, maana mbwa wote wa kijiji kile huwa anawachoma hiyo hiyo wanapona upele na kupe. Nikakaa naye juu ya jiwe nikamweleza ile karatasi. Kuna kinasaba kinaitwa MDR1, kazi yake ni kama mlinzi wa geti la ubongo, dawa ikitaka kuingia anaitoa nje. Mbwa wetu wengi wa kienyeji mlinzi yupo. Collie wengi sana hana, na Sheltie wengine hana, na Misty alishapimwa, hana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington State Marekani ndo waligundua hitilafu ya kinasaba hicho kwa mbwa hawa mwaka 2001. Kabla ya hapo madaktari wa mifugo waliona tu mbwa wa aina hizi wakichomwa wanatetemeka, wanatoka mate, wanapofuka, wengine wanapoteza fahamu na kufa, na dawa ya kuirudisha nyuma hakuna, ni kumhudumia tu mpaka itoke mwilini.

Jamaa akaitazama sindano muda mrefu, akaichomekea kofia yake akaiweka pembeni. Akaniuliza sasa kupe zake? Nikamwambia natoa kwa mkono na kibano kila jioni na namwekea dawa ya matone ya fipronil, hiyo haina shida naye. Akaandika jina la dawa hiyo kwenye daftari lake. Nilimheshimu sana kwa hilo, wengi wangebisha.

Jioni tumekaa, namchana mbigili, mjomba akaanza, niachie huyu mpaka kijana arudi. Nikamwambia mjomba haiwezekani, mbuzi wakishachomwa dawa inatoka na kinyesi kwa siku nyingi, na mbwa ni mbwa, akilamba vile vinyesi ni sawa na kuchomwa.

"Mpaka lini?"

"Wiki kadhaa zipite kwanza."

"Haya, mwezi ujao basi," akasema, "na dagaa wake usinunue, nitanunua mimi."