Siku yangu na mota zinazozunguka

Saa 12 na nusu asubuhi nashuka kwenye daladala, Vingunguti. Watu wengi wakisikia fundi umeme wa kiwanda wanamfikiria mtu anayesubiri mota iungue ndipo akimbie na bisibisi. Mota iliyoungua kila mtu anaiona. Mimi nahangaika na zile zinazozunguka siku nzima zikitafuna umeme pasipo sababu, na duniani karibu asilimia 70 ya umeme wa viwandani huenda kwenye mota.

Saa 1 napokea shifti na kuanza mzunguko. Mkanda uliolegea nakaza, beringi linalolia napiga grisi, bomba la kompresa linalovuja upepo naliwekea alama ya chaki.

Saa 3 nafika kwenye pampu ya maji ya kupoozea mashine, na siku inakwamia hapo.

Mota yake ni ya kilowati 22, imepakwa rangi juu ya rangi. Nakwangua kibao kwa kisu: daraja la IE1, la chini kabisa kwa ufanisi. Napima umeme kwa klampu mita, kipimo kinachobana waya kwa nje, fezi moja moja. Ya tatu inavuta kuliko wenzake. Ganda linachoma, mkono haukai. Ilishasukwa, yaani kutolewa waya wa ndani na kuzungushiwa mpya, na inaelekea kusukwa tena. Mbele kidogo vali ya bomba imefungwa nusu kwa kuwa maji yanazidi mahitaji. Yaani mota inasukuma kwa nguvu zake zote, sisi tunaiziba njia! Kwa pampu ya kuzungusha maji kama hii, ukifunga inverta, kifaa cha kurekebisha mwendo wa mota, ukashusha mwendo hadi asilimia 80, nguvu inayohitajika hushuka hadi karibu nusu.

Nayapeleka haya kwa kaka wa manunuzi.

"Fundi, mota si inazunguka?"

"Inazunguka kaka, lakini angalia inavyokula."

Simu yake inaita. Nasubiri nimesimama. Akimaliza, anauliza bei ya mpya, anaguna, anasema ikasukwe kama kawaida. Wasukaji nawaheshimu, aliye makini huirudisha mota karibu na hali yake ya mwanzo. Huyu wa bei ya chini tunayempelekea huchoma waya wa zamani kwa moto usiopimwa, na moto huo huharibu vanishi inayotenganisha mabati ya ndani. Mota inarudi inazunguka, ila inachemka zaidi na kula zaidi.

Nageuza ankara, naandika nyuma yake. Ufanisi wa IE1 ni asilimia 89.9, wa IE3, daraja la juu zaidi ya hilo, ni 93. Kwa mzigo kamili, saa 6,000 kwa mwaka, tofauti ni karibu uniti 4,900. Kila mwaka, mota moja. Simu inaita tena. Akirudi anataka nianze upya, maana sasa bosi wake naye ameingia. Naanza upya.

Chakula nakikuta kimepoa. Mchana uliobaki ni paneli, joto, na kiatu kinachobana. Shifti ya jioni inaingia mimi bado nasawazisha puli ya feni, kwa sababu mkanda uliokaa upande hauishi wiki.

Ombi la mota ya IE3 limesainiwa. La inverta limerudishwa liongezewe maelezo, kwa hiyo usiku huu naliandika tena, safari hii na vipimo vya fezi zote tatu na picha ya ile vali.