Miksa yangu inaimba bila kuchomekwa kitu

Umeme ulirudi juzi kama saa tano usiku, nikawasha ile miksa yangu ndogo ya kuchanganyia sauti iko juu ya meza ya kulia chakula, sijachomeka maiki, sijachomeka gitaa, sijachomeka simu wala laptop, ukitoa kispika cha kusikilizia nimechomeka waya mmoja tu mfupi wa jeki mbili ambao unatoka kwenye miksa na kurudi kwenye miksa hiyo hiyo, alafu nikaanza kufungua geini, ile nobu ya kukuza sauti inayoingia, pole pole. Mwanzo kimya. Nikaongeza kidogo, kikaanza kitu kama mbu yuko chumba cha pili, kikakua, kikawa noti moja imesimama, safi kabisa, kama mtu anapuliza filimbi na hana haja ya kuvuta pumzi. Nikagusa nobu ya midi, yani ya sauti za katikati, kidogo sana, yani upana wa kucha haufiki, ile noti ikavunjika ikashuka chini ikaanza kukoroma. Nimekaa pale mpaka saa nane.

Kwa ambao hatujuani, mimi ni fundi mitambo. Nafunga mziki kwenye harusi, sendofu, mikutano, na jumapili naendesha miksa kanisani, na miaka yote hiyo kitu ambacho watu wananilipa nikizuie ni huo huo mluzi. Fidibeki. Kila mtu anaijua hata kama hajui jina lake, MC anashuka jukwaani na maiki mkononi anaenda kusalimia meza ya wazee, anapita mbele ya spika, wiiiiii, ukumbi mzima unageuka nyuma alipokaa fundi. Nimefanya kazi hii nikiwa na mkono mmoja juu ya feda, kile kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti, muda wote kama mtu anayelinda mlango. Ndo maana ilinichukua muda kukubali kwamba ile sauti ina kitu ndani yake, na leo nataka niieleze vizuri maana naipenda kweli.

Kinachotokea ni hivi. Sauti inatoka kwenye spika inaingia kwenye maiki, inakuzwa, inatoka tena kwenye spika, inaingia tena. Ikiwa kila ikizunguka inarudi na nguvu ile ile au zaidi, na inarudi ikiwa imepatana na yenyewe, yani wimbi linapanda pale pale lilipokuwa linapanda, basi linajijenga lenyewe mpaka mtambo ufike mwisho wa nguvu zake. Ndo maana mluzi unachagua noti, hauji na noti zote. Sauti hewani inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, kwahiyo spika ikiwa mita tatu na kitu kutoka kwenye maiki, safari moja ni kama milisekunde 10, na hapo noti zinazoweza kupatana zinapishana kama hezi 100, yani mitetemo 100 kwa sekunde, alafu ekwalaiza (nobu za trebo, midi na besi) na ukumbi wenyewe ndo vinaamua ipi kati ya hizo itashinda. Ndugu zetu wa Congo wanaotumia Kifaransa wanaiita larsen, kwa jina la Søren Larsen, mwanafizikia wa Denmark. Napenda kwamba wao wameipa jina la mtu.

Sasa toa maiki. Toa spika kwenye mzunguko. Toa hewa. Mzunguko wote ubaki ndani ya waya. Hapo ndo utajua kwamba miksa ina sauti yake, kwasababu hakuna mwimbaji, hakuna ukumbi, kuna ile saketi tu na kelele ndogo ndogo ambayo kila saketi inayo hata ukiiacha imetulia, ile sssss unayoisikia ukifungua volyumu bila kupiga kitu. Hiyo ssss ndo mbegu. Inazungushwa, inakuzwa, inazungushwa, mpaka inakuwa noti.

Yangu mimi ni ya kawaida sana, chaneli mbili za maiki na mbili za stereo, kila chaneli ina trebo, midi na besi, ina nobu ya kupeleka sauti kwenye efekti kama mwangwi, ina pani ya kuelekeza sauti kushoto au kulia. Natoa waya kwenye tundu la kupelekea efekti narudisha kwenye chaneli ya 1, tundu la laini sio la maiki, alafu kwenye hiyo hiyo chaneli ya 1 nafungua nobu ya efekti. Basi, mzunguko umefunga. Kabla hujafanya hivyo zima ile volti 48 ya maiki za kondensa, zile zinazotaka umeme kutoka kwenye miksa, na shusha volyumu ya kutokea mpaka chini kabisa. Nobu ya efekti ndo usukani. Geini ni mafuta. Ekwalaiza ndo inachagua noti, trebo inakupa vitu vya juu vya kuchoma, midi inakupa filimbi, na besi ukiijaza na kupunguza zingine inaacha kuwa noti kabisa inakuwa puk, puk, puk, inagonga taratibu kama mtu yuko mlangoni.

Distosheni, yani sauti kukwaruza, inaingia yenyewe, huhitaji kuitafuta. Saketi ya ndani ina kiwango chake cha volti, juu ya hapo haiwezi kwenda, kwahiyo wimbi likitaka kupita linakatwa kichwa. Lile lililokuwa mviringo laini linakuwa bapa juu na bapa chini, na wimbi bapa la namna hiyo linazaa noti zingine juu yake, mara tatu, mara tano, mara saba ya ile ya kwanza. Kama ulikuwa na hezi 200 ghafla una 600 na 1000 na 1400 zinaimba pamoja nayo. Huo ndo mkwaruzo. Kazini taa nyekundu ikiwaka ni aibu yangu, hapa taa nyekundu inakaa imewaka na mimi nasikiliza ndani ya mkwaruzo kuna nini, na niamini kuna mengi, kuna kama sauti za watu, kuna kitu kinafanana na zumari za ngoma kabisa lakini kimechanika.

Alafu nikaazima pedali ya distosheni kwa rafiki yangu mpiga gitaa, ile ya volti 9, nikaiweka katikati ya waya, itoke miksa ipite kwenye pedali irudi miksa. Hapa nilikosea mwanzo. Pedali imezoea umeme mdogo wa gitaa, miksa inatoa mkubwa zaidi, nikaijaza na nikapata ukuta mmoja wa kelele usiobadilika hata uzungushe nini. Nikafikiri ndo ilivyo. Baadae nikarudisha nobu ya efekti karibu na sifuri, nikaanza kuongeza kama unavyoweka chumvi, na pale chini kabisa, sehemu ambayo mzunguko unataka kufa na haujafa, ndo kuna dunia nzima. Sauti inakatika katika, inashika inaachia, kama bodaboda inayoishiwa mafuta kwenye kilima, na kila ukisogeza nobu nywele moja inabadilisha mwendo wake. Nimegundua kwamba mambo yote mazuri ya fidibeki yapo mpakani, sio kwenye kelele kubwa. Ukiwa na haraka utapita hapo bila kujua umepita.

Watu wamefanya hivi siku nyingi, sio mimi niliyeanza. Toshimaru Nakamura wa Japani alikuwa mpiga gitaa, mwishoni mwa miaka ya 1990 akaanza kupiga miksa isiyochomekwa kitu na ndo mpaka leo watu wanamjua kwa hiyo. Kabla yake kuna Wamarekani kama David Tudor waliokuwa wanazungusha saketi zao zenyewe kwa zenyewe miaka ya 1970. Kingston kule Jamaika King Tubby, ambaye alikuwa fundi umeme, anatengeneza redio na anasuka transfoma, aliigeuza meza ya kuchanganyia ikawa ala, anakata ngoma anaacha mwangwi ujirudie na kujirudia mpaka unakaribia kulipuka alafu anaushusha. Yule hakuwa mpiga gitaa wala mpiga kinanda, vidole vyake vilikuwa kwenye feda. Mimi mtu wa feda nikisikia hivyo najisikia nina ndugu.

Lakini walio karibu na moyo wangu zaidi ni Konono N°1 wa Kinshasa. Mzee Mingiedi Mawangu alianzisha lile kundi miaka ya 1960, wanapiga likembe, hizi za vyuma vya kubonyeza kwa vidole gumba, sasa likembe sauti yake ni ndogo na Kinshasa ni Kinshasa, barabara inanguruma, kwahiyo wakatengeneza maiki zao wenyewe kwa sumaku za vipuri vya magari mabovu, wakaziunganisha na amplifaya na spika za pembe. Ikatoka imekwaruza. Na hawakuukimbia ule mkwaruzo, wakaucheza, wakapanga mziki kuuzunguka, na miaka ya 2000 dunia nzima ikaja kuwasikiliza kwa sababu ya sauti ile ile ambayo fundi yeyote aliyesoma angewaambia warekebishe. Mzee alifariki 2015. Huwa nikifikiria umbali uliopo kati ya sumaku ya gari na jukwaa la Ulaya nanyamaza kidogo.

Ngoja nirudi kwenye stereo maana hapa ndo miksa ndogo inanishangaza mpaka leo. Ina mkono wa kushoto na wa kulia, sio? Chukua tundu la kushoto la kutokea lipeleke chaneli ya 1, la kulia lipeleke chaneli ya 2. Alafu pani ya chaneli ya 1 izungushe yote kulia, na ya chaneli ya 2 yote kushoto. Fuatilia kwa kidole: chaneli ya 1 inatokea kulia, kulia inaingia chaneli ya 2, chaneli ya 2 inatokea kushoto, kushoto inaingia chaneli ya 1. Imekuwa namba nane. Sauti haizunguki tena kwenye chaneli moja, inapita kwa jirani kwanza ndo inarudi nyumbani, na ekwalaiza za chaneli zote mbili zinagombania noti. Ukirudisha pani kidogo kuelekea katikati unakuwa na mizunguko mitatu kwa pamoja, miwili midogo na ule mkubwa, na hapo inaanza kuyumba. Noti mbili zikikaribiana, tuseme moja 440 nyingine 443, unasikia mapigo matatu kila sekunde, wa wa wa, na ukizisogeza mapigo yanapungua mpaka yanasimama alafu zinashikana zinakuwa kitu kimoja. Ule wakati wa kushikana unausikia mpaka kwenye meno. Kwa kusikiliza natoa sauti kwenye tundu la hedfoni naipeleka kwenye kispika kidogo, matundu mengine yote yanatumika.

Kuna dogo jirani yangu anatengeneza singeli kwenye kompyuta, usiku mmoja aligonga mlango.

"Bro, samahani, hiyo umeitoa wapi?"

Nikamwambia hakuna wimbo, ni hii miksa. Akaangalia matundu ya maiki, akaona hayana kitu, akainama akafuata waya kwa macho mpaka aliporudi alipoanzia. Hakusema neno. Akatoa flashi.

Tukaweka dilei, yani efekti ya kuchelewesha na kurudia sauti, kwenye mzunguko, milisekunde 250. Hesabu ni rahisi, mapigo manne kwa sekunde, ni 240 kwa dakika, na singeli inaishi huko huko kati ya 200 na 300. Yani ule mluzi ukiupa dilei fupi unaanza kukimbia wenyewe kwa mwendo wa singeli bila mtu kupiga ngoma hata moja. Dogo akakata vipande vinne akavipanga kwenye biti lake pale ambapo kawaida anaweka kinanda, na kile kipande kilichokuwa kinakatika katika kama bodaboda ndo alichokichagua kiwe mbele. Mimi ningechagua kingine. Yeye alikuwa sahihi.

Naomba mnisikilize kwenye hili la usalama. Nimeunguza twita, kile kispika cha sauti za juu, ya spika ya kuazima, usiku wa pili tu wa huu mchezo. Trebo ilikuwa juu, mzunguko ukaruka kutoka kwenye noti ya katikati kwenda juu kabisa ambako sikio langu halisikii vizuri tena, mimi nikadhani umenyamaza nikaongeza volyumu, baada ya muda nikasikia harufu. Nililipa twita mpya na niliomba radhi kwa aliyeniazima. Fidibeki inaruka bila taarifa, kwahiyo tumia kispika kidogo unachoweza kupoteza, volyumu chini, na angalia taa za miksa kuliko unavyoamini masikio. Hedfoni kichwani acha kabisa mpaka uuzoee mzunguko wako. Viwango vya kazini tunavyofuata ni desibeli 85 kwa masaa 8, ukiongeza 3 tu, yani 88, muda unakatwa nusu unabaki masaa 4. Sikio halina vipuri Kariakoo.

Na kazini imenisaidia, hilo nililiona jumapili iliyopita. Mzee wa kanisa alishika maiki akaanza kutangaza, ikaanza ile ya chini chini, uuuu, haijakuwa mluzi bado, na mkono wangu ukaenda kwenye nobu ya midi ya chaneli yake moja kwa moja, robo ya mzunguko, ikaisha kabla hajamaliza sentensi. Sikugusa feda. Nilikuwa naijua ile noti, nimekaa nayo usiku nyumbani mara nyingi.

Juzi nilirekodi dakika 40. Kuna sehemu karibu na mwisho, kama dakika sita hivi, kushoto kuna noti ndefu inayumba na kulia kuna ule ugongaji wa besi unaingia na kutoka, na katikati kinatokea kitu kama mtu anaita kutoka mbali. Sikugusa kitu muda wote ule, nilikunja mikono nikasikiliza. Kabla ya kulala nikapiga picha nobu zote kwa simu, nikazima, nikafunika na kanga vumbi lisiingie. Asubuhi nikawasha, nobu zipo vile vile, waya vile vile, ikatoa sauti nyingine kabisa. Saketi ilikuwa imepoa. Nikaisubiri ipate moto nusu saa, ikasogea kidogo kuelekea kule ilikokuwa, haikufika, nikaanza kuitafuta kwa nobu ya midi.